Mtaa wa Magari Usiomtaka Fundi

Mwaka 1952 mambo mawili yalitokea North York, halmashauri ambayo wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa bado mashamba, kaskazini mwa jiji la Toronto. Halmashauri ilipitisha sheria ndogo namba 7625, iliyogawa ardhi yake kwa matumizi: huku makazi, huku biashara, kule viwanda. Na mfanyabiashara E. P. Taylor, aliyetajirika kwa bia, alimkabidhi kijana wa miaka 27 aitwaye Macklin Hancock, aliyekuwa bado mwanafunzi Harvard, kazi ya kuchora mji mpya kwenye ekari zipatazo 2,000 kuzunguka njia panda ya Don Mills na Lawrence. Mji huo ulipewa jina la Don Mills, na vitongoji vingi vya Kanada vilivyofuata viliiga kwake. Hoja ya makala haya ni kwamba masharti yanayombana leo mkazi wa huko anayetengeneza gari nyumbani hayakuzaliwa na oili wala kelele, ingawa hizo ndizo sababu zinazotajwa kwanza. Yalizaliwa na wazo kwamba nyumba ni mahali pa kupumzikia tu, kazi ina mahali pake kwingine, na sura ya mtaa ni mali ya wenye nyumba wote. Wazo hilo linatuhusu na sisi, kwa sababu ofisi ya huyohuyo Hancock ndiyo iliyokuja kuchora mipango ya Dar es Salaam na Dodoma.

Kwanza tuzisome sheria zenyewe, maana midomo ya watu huzikuza. Hakuna sheria ya Toronto inayomkataza mwenye gari kufungua boneti akiwa kwake. Yanayokatazwa ni mambo manne, na kila moja limo katika sheria yake. Sheria ya matumizi ya ardhi, namba 569 ya mwaka 2013, hairuhusu gereji iwe biashara ya nyumbani katika eneo la makazi. Sura ya 629 ya sheria za jiji, inayohusu viwango vya majengo na viwanja, inakataza kuweka uani gari bovu, lililofunguliwa vipande au lisiloweza kutembea. Sura ya 681, ya majitaka, inakataza kumwaga mafuta kwenye mifereji. Na sura ya 591, ya kelele, inataka sauti ya kutengeneza, kuunda upya au kujaribu gari isimfikie jirani kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, na siku za mapumziko hadi saa 3 asubuhi. Hii ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana: anayeipangia kazi saa zake amekwisha kukiri kwamba mchana kazi hiyo ni halali. Kwa hiyo anayebadilisha brekipedi zake Jumamosi adhuhuri mbele ya nyumba yake hana kosa. Anayeingia matatani ni yule ambaye Jumamosi ilikwisha kabla ya kazi, gari likabaki juu ya mawe hadi spea ipatikane.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba Don Mills ni mtaa uliochorwa ukiwa na gari kichwani. Hancock aliugawa mji katika robo nne, kila robo na shule yake, na akauzungushia moyo wa mji barabara ya mviringo iitwayo The Donway. Njia za ndani alizipinda, nyingine akaziziba mwisho, ili gari lisilo na shughuli mtaani lisipate njia ya kukatiza. Watoto waliwekewa vijia vyao vya miguu kupitia bustani. Viwanja vilikuwa vipana kuliko ilivyozoeleka, vingi vikiwa na upana wa futi 60 upande wa barabarani, na nyumba nyingi zilipewa kibanda cha gari kilicho wazi, paa juu ya nguzo, kikiwa sehemu ya sura ya nyumba. Duka lilikuwa kwenye kituo cha biashara kilichofunguliwa mwaka 1955, kikiwa na eneo lake la kuegesha magari, na kazi ya wengi ilikuwa mbali, katikati ya jiji. Barabara kuu ya Bonde la Don ilipofika Eglinton mwaka 1961, safari hiyo ikawa ya gari kabisa. Familia iliyonunua nyumba Don Mills ilinunua, kwa lazima ya mpango wenyewe, na haja ya kuwa na gari. Na gari, kwa maumbile yake, huharibika. Katika nchi ambayo barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, huoza pia kuanzia chini.

Kampuni ya Taylor haikuuza viwanja na kujiondokea. Wajenzi walitakiwa kutumia wasanifu majengo waliokubaliwa, na michoro, malighafi na hata rangi za kuta zilipitishwa na kampuni kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Kulikuwa na sababu njema: vitongoji vingi vya baada ya vita vilikuwa safu za nyumba zilizofanana kama sabuni za mche, na Don Mills ilitaka kuonyesha kwamba mji wa watu wa kipato cha kati unaweza kuwa na sura. Lakini udhibiti huo ulikuwa pia wa kibiashara. Wakati viwanja vya robo ya nne vilikuwa havijauzwa, mwonekano wa robo ya kwanza ulikuwa ndilo tangazo lake. Mnunuzi alikubali kubanwa kwa sababu jirani yake naye alibanwa, na wote wawili walitarajia nyumba zao zipande bei. Hayo yalikuwa makubaliano kati ya muuzaji na mnunuzi, na kila upande ulijua unachokipata.

Chombo cha kisheria cha makubaliano ya namna hii ni cha kale. Mahakama za Uingereza zilishakubali mwaka 1848, katika shauri la Tulk na Moxhay lililohusu bustani ya Leicester Square mjini London, kwamba sharti lililofungwa na mnunuzi wa kwanza wa ardhi linaweza kumbana hata mnunuzi wa baadaye aliyelijua. Huko Ontario chombo hicho kiliwahi kutumiwa kwa ubaya wa wazi. Mwaka 1945 Jaji Keiller Mackay alibatilisha, katika shauri la Drummond Wren, sharti lililokataza kipande cha ardhi kisiuzwe kwa Wayahudi wala kwa watu wa mataifa yasiyotakiwa, na mwaka 1950 jimbo likapiga marufuku masharti mapya ya aina hiyo. Don Mills ilianza baada ya mlango huo kufungwa, na kampuni ilishughulika na kuta na mapaa. Hata hivyo historia hiyo inatufundisha kuwa macho. Sharti la ardhi huzungumza lugha ya utulivu na hadhi ya mtaa, na mara nyingi ndani yake mna jibu la swali jingine: ni watu gani na kazi gani zinazoruhusiwa kuonekana hapa.

Kwa upande wa kazi, jibu la Don Mills linasomeka katika ramani yake. Mpango haukukataa viwanda. North York ilivihitaji ili vichangie kodi, na Hancock alivipa nafasi pembezoni, karibu na reli. IBM ilikuja. Bata, kampuni ya viatu ambayo jina lake liko mlangoni mwa maduka mengi ya Nairobi na Dar es Salaam, ilijenga makao makuu yake ya kimataifa hukohuko mwaka 1965, juu ya kilima chenye majani yaliyokatwa vizuri. Viwanda navyo vilitakiwa vipendeze. Ilitumainiwa kwamba mfanyakazi wa kiwandani angeishi jirani na kazi yake, lakini bei ya nyumba iliwashinda wengi wa hao, na walionunua wakawa zaidi watu wa ofisini waendao mjini. Hapo ndipo kazi ilipogawanyika kwa tabaka bila kutangazwa. Kazi kubwa iliyovaa suti ilipewa kilima na maua. Kazi ndogo ya mikono, ya cherehani, ya seremala, ya fundi mwenye spana, ambayo katika mitaa ya zamani ya Toronto ilifanyikia katika mabanda ya vichochoro nyuma ya nyumba, haikupewa hata kichochoro, kwa maana mpango mpya ulivifuta vichochoro vyenyewe.

Makubaliano ya kampuni na wanunuzi wake yana kikomo. Sheria ya umma haina. Don Mills ilipojaa, kampuni ilimaliza kazi yake, lakini ladha yake ilikuwa imekwisha kuwa kipimo cha mtaa mzuri nchi nzima. North York ikawa jiji mwaka 1979, ikamezwa na Toronto mpya tarehe 1 Januari 1998, na mwaka 2013 sheria za ardhi za halmashauri zote zilizounganishwa zikakusanywa katika kitabu kimoja. Si kwamba karani alikaa akanakili mkataba wa Taylor. Kilichorithiwa ni namna ya kuhukumu. Sheria ya uani haimuulizi mwenye gari kama oili inavuja, kama watoto wanaweza kuumia, au kama jirani hapati usingizi. Inauliza kama gari limefunguliwa na kama linatembea. Na kwa kuwa inazungumzia uani, gari lilelile likiwa limefungiwa ndani ya gereji yenye mlango halimgusi mkaguzi. Sumu yake haijapungua kwa kufungiwa, wala uzito wake juu ya jeki. Kilichopungua ni kuonekana kwake. Nyumba za kwanza za Don Mills, zenye vibanda vilivyo wazi pande zote, hazina pa kuficha. Majumba mapya yanayojengwa mahali pake baada ya kuzibomoa, yenye gereji ya milango miwili, yanapo.

Tazama basi anayeangukiwa na sheria hii. Mwenye fedha hulipeleka gari kwa fundi mwenye leseni, na jioni analirudisha. Asiye na fedha hutumia kile alicho nacho, yaani muda: wiki hii ananunua rejeta, wiki ijayo mpira wa maji, mwezi ujao anaazima mashine ya kunyanyulia injini. Gari lake hukaa wazi siku nyingi si kwa uzembe, bali kwa sababu analitengeneza kwa mishahara kadhaa badala ya mmoja. Sheria inayopima ubovu kwa kutotembea humkamata huyu hasa. Tena ukaguzi wa mambo haya kwa kawaida huanza na malalamiko ya jirani, kwa hiyo sheria moja hukaza au kulegea kulingana na nani anaishi ng'ambo ya ua. Marekani wapo waliokwenda mbali zaidi: kaunti ya Sacramento, California, hukataza matengenezo ya gari yanayotumia zana ambazo kwa kawaida hazipatikani nyumbani, na pia kutengeneza gari lisilosajiliwa kwa jina la mkazi wa kiwanja hicho. Sharti hilo la zana halipimi madhara. Linampima mtu kwa ufundi wake, na anayejua kazi zaidi ndiye mwenye hatia zaidi.

Mantiki hii ilisafiri hadi kwetu kwa hati na majina. Project Planning Associates, ofisi ya Hancock ya Toronto, iliandaa mpango mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1968, na mwaka 1976 ikaandaa mpango wa makao makuu mapya Dodoma. Ule wa Dodoma, kwa haki yake, haukuabudu gari: uliwapa kipaumbele waenda kwa miguu na mabasi, na uliugawa mji katika jumuiya zilizokusudiwa kujitegemea. Lakini namna ya kuutekeleza ilifanana na ya Don Mills kuliko watu wanavyokumbuka. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa mpangaji, mmiliki wa ardhi na msimamizi kwa wakati mmoja. Mkazi alipewa mkataba wa miaka 33 uliomfunga kwa masharti ya mamlaka, kama mnunuzi wa Taylor alivyofungwa na kampuni. Manung'uniko yalikuwa mengi, na Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja. Dar es Salaam mambo yalikuwa kinyume. Ramani iliandika makazi, na hati za viwanja zikaandika hivyohivyo, lakini katika miaka ya 1970 na 1980, wakati fedha za kigeni zilipokauka na spea zikawa adimu, aliyeiweka nchi barabarani alikuwa fundi wa chini ya mwarobaini. Injini ilining'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi, oili chafu ikakingwa katika dumu lililokatwa ubavu, na oili hiyo ikapata mnunuzi wa kupaka nguzo zake zisiliwe na mchwa. Serikali za mitaa ziliziita gereji bubu na huzifukuza hadi leo, na kesho yake hufunguliwa mtaa wa pili.

Atasema mtu kwamba mfano huo unaniumbua: gereji bubu ndiyo ushahidi wa kinachotokea sheria zikilegea. Barabara za mitaa huzibwa na magari yaliyokufa, rangi hupulizwa dirishani kwa watu, na mvua ikinyesha oili hufuata mitaro hadi bonde la Msimbazi. Ni kweli, na hapa hoja ya mafuta inastahili heshima kamili. Don Mills yenyewe iko kati ya matawi mawili ya mto Don, na katika kitongoji cha enzi ile maji ya mvua yana mabomba yake, tofauti na ya majitaka. Kinachomwagwa kwenye tundu la barabarani hakipitii mtambo wa kusafishia, bali huelekea mtoni, na mto huingia Ziwa Ontario ambalo jiji zima hunywa maji yake. Lakini ndiyo maana iko sura ya 681, inayomkamata mmwagaji awe fundi, mkazi au kiwanda. Jiji pia lina vituo vinavyopokea oili iliyotumika. Madhara yakiwa na sheria yake inayoyataja kwa jina, hayawezi kuazimwa kuwa sababu ya sheria nyingine isiyoyataja kabisa. Na kwa Dar es Salaam, miongo ya kufukuza haijausafisha Msimbazi. Kinachokosekana ni eneo la karibu lenye sakafu ya saruji na shimo la kukusanyia oili, ambalo fundi angelilipia ushuru kwa hiari kuliko kulipa faini.

Pingamizi la pili ni biashara iliyojificha. Leo anatengeneza lake, kesho la shemeji, keshokutwa foleni inafika kona, na waliolipia mtaa tulivu wanajikuta wakiishi kando ya karakana. Hofu hii ina msingi, na sioni ubaya wa jiji kukataza gereji ya biashara katikati ya nyumba. Ontario tayari inadai cheti kwa anayetengeneza magari ya watu kwa malipo, na cheti hicho kina faida kwa mwenye gari anayetegemea breki zake. Ila tofauti kati ya biashara na msaada inajulikana bila darubini: malipo, wingi wa magari, mfululizo wa siku. Ndugu aliyekuja kusaidiwa kubadilisha matairi kabla ya theluji hajafungua karakana. Sheria inayofuata malipo na wingi inalenga panapouma. Sheria inayofuata gari lililofunguliwa humbeba mwenye hatia pamoja na asiye nayo.

Linabaki pingamizi la tatu, ambalo ndilo la kweli na ndilo lisilosemwa kwa sauti: bei ya nyumba. Mtu ameweka akiba ya maisha yake katika nyumba, na gari lisilo na magurudumu kwa jirani huweza kumfukuza mnunuzi. Siwezi kulidharau, mwenye nyumba hakujitungia soko hilo. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kumdhuru mtu na kutomfaidisha. Taylor aliwauzia wanunuzi wake mandhari, nao wakayalipia. Hilo lilikuwa deni la kampuni kwao. Jiji halikumwuzia mtu yeyote mandhari. Likitumia faini zake kulinda bei, linachukua uhuru wa mmoja na kuuweka katika akaunti ya mwingine, na kwa kawaida anayenyang'anywa ni mpangaji au mwenye kipato cha chini. Ontario imewahi kulitambua hili katika jambo dogo linalofanana: mwaka 2008 ilibatilisha masharti ya mitaa yaliyokataza kuanika nguo nje, ingawa kamba ya nguo nayo ilishtakiwa kwa kushusha hadhi. Jimbo liliona kwamba kukausha nguo kwa jua kuna manufaa kwa umma yanayozidi uchungu wa macho ya jirani. Kurefusha maisha ya gari badala ya kulitupa ni manufaa ya aina hiyohiyo.

Wala tusidhani kwamba kurekebisha sheria za jiji kungetosha. Kusini tu ya Don Mills iko Flemingdon Park, mtaa wa maghorofa uliojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao Hancock naye alishiriki kuupanga, na ambao umepokea wahamiaji wa kila pembe ya dunia, wakiwemo watu wetu wa Afrika Mashariki. Ndani ya Don Mills penyewe, kituo cha zamani cha biashara kilibomolewa, na maduka mapya yaliyofunguliwa mwaka 2009 yamezungukwa na minara ya makazi. Mkaaji wa ghorofa hana ua. Gari lake liko chini ya ardhi, na kwa kawaida kanuni za jengo au mkataba wa upangaji humkataza hata kumwaga oili yake mwenyewe. Kwa hewa ya chini ya ardhi na hatari ya moto, katazo hilo lina maana. Lakini matokeo yake ni kwamba haki ya kutengeneza gari lako imekuwa haki ya mwenye kiwanja, na udhibiti umerudi ulikoanzia, katika mkataba wa faragha, safari hii bila mnunuzi kuwa na jirani wa kubanwa naye kwa faida ya wote wawili.

Novemba 2024 Bunge la Kanada lilibadilisha sheria ya hakimiliki ili mtu aruhusiwe kuvunja kufuli za programu kwa ajili ya kukagua na kutengeneza kifaa chake, gari likiwemo. Taifa likiwa limesema kwamba kutengeneza kilicho chako ni haki inayostahili kulindwa hata dhidi ya makampuni makubwa, jiji halina budi kueleza kwa nini haki hiyo iishie mlangoni mwa gereji iliyofungwa. Marekebisho yanayohitajika si makubwa: yabaki makatazo ya mafuta, kelele za usiku na biashara, mwenye gari lililofunguliwa apewe miezi kadhaa iliyotajwa wazi kabla ya kuhesabiwa kuwa amelitelekeza, na mitaa ya maghorofa itengewe uwanja wa pamoja wenye sakafu ya kukinga oili. Miji yetu, ambayo hati zake bado zinaandika makazi tu kwa kalamu iliyotoka ofisi ileile ya Toronto, inaweza kuanza na hilo la uwanja, kwa kuwa mafundi inao tayari na kinachosubiriwa ni mahali pa kuwaweka.